Barua ya wazi kuhusu dhahabu inayouzwa ikiwa bado ardhini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini. Mwenyekiti na Katibu Mtendaji wa Tume ya Madini. Mtendaji Mkuu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST). Na Mtendaji Mkuu wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA).

Waheshimiwa,

YAH: MATANGAZO YA MATOKEO YA UTAFITI WA DHAHABU

Dhahabu iliyokwisha kutoka ardhini mnailinda vizuri. Tangu soko la madini lifunguliwe hapa Geita mwaka 2019, gramu ikitoka kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu inajua inakokwenda: mizani, mrabaha, kibali, risiti. Barua hii inahusu dhahabu nyingine, ile ambayo hakuna aliyeiona zaidi ya kwenye kipande cha mwamba na karatasi ya maabara. Hiyo nayo inauzwa. Inauzwa Toronto, Perth na London kwa sura ya hisa, na siku hizi inauzwa pia kwenye makundi ya WhatsApp ya Mwanza, Kahama na Dar es Salaam kwa sura ya "mchango wa mradi". Mizani ya kuipima hiyo hapa nyumbani sijaiona.

Nimepatia riziki yangu kwenye kambi za utafiti Kanda ya Ziwa kwa muda mrefu. Nilianza kwa kubeba masanduku ya koa, nikafundishwa kupasua mwamba, mwisho nikasimamia banda la sampuli. Si mjiolojia. Lakini zile gramu za dhahabu kwa kila tani ya mwamba zinazosomwa mbele yenu kwenye mikutano huanzia mikononi mwa watu wa kazi yangu, na tunajua zinapotoka, zinapopikwa na zinapopambwa.

Mtambo wa kuchoronga kwa kichwa cha almasi unatoa mwamba ukiwa mzima, mviringo, unene wa karibu sentimita tano. Hiyo ndiyo koa. Inapangwa sandukuni, na kila bomba linapoishia panawekwa kibao kilichoandikwa kina. Mjiolojia anaisoma, anachora mstari, nasi tunaipasua kwa msumeno wa maji kufuata mstari ule, nusu kwa nusu. Nusu moja inaingia kwenye mfuko pamoja na tiketi yenye namba. Nusu ya pili inarudi sandukuni na kubaki kambini. Hiyo inayobaki ndiyo shahidi, na nitairudia.

Mita moja ya nusu koa ni kama kilo mbili na nusu. Maabara inaisaga ikawa unga, halafu inachota gramu 50 tu. Zinachanganywa na oksidi ya risasi na kuchomwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Risasi inakusanya dhahabu yote, kisha risasi yenyewe inaondolewa, na kinachobaki ni punje ambayo mara nyingi jicho haliioni. Punje inayeyushwa kwa tindikali, mashine inasoma. Kwa hiyo, Waheshimiwa, "gramu 6 kwa tani" mnayosomewa imetoka kwenye unga usiojaa hata kiganja.

Ndiyo maana tunaweka mitego. Katika kila mifuko ishirini hivi tunachomeka mfuko wa unga wa kununua ambao kiwango chake cha dhahabu kinajulikana, mwingine wa jiwe tupu lisilo na dhahabu kabisa, na mwingine ambao ni pacha wa sampuli iliyotangulia. Zote zinapewa namba zinazofuatana na nyingine. Jiwe tupu likirudi na dhahabu, ama kinu cha maabara hakikusafishwa, ama kuna mkono wa mtu. Nimeshuhudia kundi zima la sampuli likirudishwa kuchomwa upya kwa sababu ya mfuko mmoja wa jiwe tupu uliosoma nusu gramu. Bosi wa kambi alinuna siku nzima, maana wakubwa wake ng'ambo walikuwa wanasubiri namba za kutangaza. Lakini alizirudisha. Watu wa namna hiyo wapo, na ni wengi kuliko mnavyodhani.

Basi shida yangu kubwa haiko maabara. Inaanza namba ikishatoka maabara.

Tupige hesabu. Shimo limepita mita 20 za mwamba. Mita moja imesoma gramu 80 kwa tani. Mita 19 zilizobaki zimesoma nusu gramu kila moja. Ukijumlisha na kugawanya unapata karibu gramu 4.5, na tangazo litasema "mita 20 zenye gramu 4.5 kwa tani". Huwezi kumshtaki mtu, hesabu ni sahihi. Ila anayesoma akiwa Calgary anaona ukuta wa mbale, yaani mwamba wenye dhahabu ya kuchimbika, wenye mita 20, wakati kilichopo ni mshipa wa mita moja katikati ya mwamba ambao hautalipa hata dizeli ya kuutoa chini ya ardhi. Na hiyo mita moja yenyewe huenda ni punje nene iliyoangukia upande wa nusu tuliyoipeleka. Choma nusu iliyobaki, unaweza kupata gramu 15. Dhahabu ya mishipa ya mawe meupe huku kwetu inaruka-ruka. Kila mchimbaji mdogo wa duara, yaani shimo la kuchimba kwa mkono, analijua hilo bila kwenda chuo.

Mtambo ukielekezwa kushuka karibu sambamba na mshipa badala ya kuukata, mshipa wa mita moja unageuka mita sita kwenye tangazo. Mashimo yaliyotoka kapa yanaandikwa "matokeo yanasubiriwa", na yanasubiriwa mpaka watu wasahau. Halafu kuna ramani. Leseni haijachorongwa hata shimo moja, lakini kwenye ramani imepakwa rangi nyekundu, pembeni yake kuna nyota kubwa ya mgodi wa Geita au wa Bulyanhulu na mshale unaosema "kilomita 25". Ujirani huo unauza hisa kuliko sampuli.

Niliwahi kushiriki maandalizi ya ugeni wa wawekezaji kwenye kambi moja. Tuliambiwa tutoe masanduku manne tu kati ya mamia yaliyokuwa bandani, tuyapange mezani juani, na kijana mmoja asimame na chupa ya maji ya kupulizia. Koa ikilowa, chembe za dhahabu zinang'aa. Wageni walipokezana lenzi, wakapiga picha. Mmoja aliuliza masanduku mengine yako wapi. Akajibiwa kuwa muda ni mdogo. Hakuna aliyedanganya siku ile, na kila mmoja aliondoka akiamini jambo ambalo masanduku yaliyobaki bandani yasingeliunga mkono.

Siwachukii wabahatishaji wa hisa. Kampuni ndogo za utafiti hazina mgodi wala mapato; zinaishi kwa kuuza hisa za senti kwa watu walio tayari kupoteza, na leseni nyingi huishia bila kitu. Bila watu hao Bulyanhulu isingekuwa mgodi: ni kampuni ndogo ya Vancouver, Sutton Resources, iliyochoronga pale kabla ya kampuni kubwa ya Barrick kuinunua mwaka 1999, na mgodi ukafunguliwa 2001. (Yaliyowapata wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu walipoondolewa mwaka 1996 yanataka barua yake.) Magambazi kule Handeni ni upande wa pili. Kati ya 2009 na mapema 2011 hisa za kampuni iliyokuwa ikichoronga pale zilipanda kutoka senti hadi dola kadhaa, kisha zikaporomoka mashimo yalipoongezeka. Dhahabu ilikuwepo. Haikuwa nyingi kama ilivyootwa, basi. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo na sitaki mkaufute.

Ninachotaka mkikumbuke ni Busang.

Busang iko Kalimantan Mashariki, Indonesia, msituni. Kampuni ya Bre-X ya Calgary, iliyoanzishwa na David Walsh, ilianza kuchoronga huko mwaka 1993. Kila baada ya miezi michache makisio yalikua, mpaka Februari 1997 ikatangaza wakia milioni 71, yaani zaidi ya tani 2,200. Thamani ya kampuni sokoni ilikuwa imefika karibu dola bilioni 6 za Kanada. Walionunua hawakuwa wacheza kamari peke yao. Mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario ulikuwemo.

Hapakuwa na dhahabu ya maana Busang. Sampuli zilikuwa zinatiwa chumvi, kama wanavyosema wenyewe: vumbi la dhahabu lilichanganywa kwenye mifuko kabla haijafika maabara. Maabara ilichoma kwa uaminifu kile ilicholetewa. Dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Chembe zilikuwa na kingo za mviringo, kama dhahabu iliyosuguliwa na maji ya mto, wakati walisema imetoka kwenye mwamba. Na kubwa zaidi, wao hawakupasua koa nusu kwa nusu. Waliisaga karibu yote. Sababu waliyotoa ilikuwa ya kitaalamu na ilisikika vizuri: dhahabu ni ya kuruka-ruka, kwa hiyo sampuli kubwa ni bora. Ukweli ni kwamba hawakuacha shahidi sandukuni.

Waliofichua ni kampuni ya Freeport-McMoRan, ambayo iliingia kama mbia na kuchoronga mashimo yake mita chache tu kutoka yale ya Bre-X. Ikakuta hakuna kitu. Tarehe 19 Machi 1997, mjiolojia Michael de Guzman, aliyesimamia kazi msituni, alianguka kutoka kwenye helikopta akiwa njiani kwenda Busang. Wiki moja baadaye matokeo ya Freeport yakatangazwa. Mwanzoni mwa Mei wakaguzi huru wa kampuni ya Strathcona wakathibitisha kuwa udanganyifu wa ukubwa ule haukuwa na mfano katika historia ya uchimbaji. Walsh alifariki mwaka uliofuata. John Felderhof, mjiolojia mkuu wa Bre-X, alishtakiwa Ontario kwa kuuza hisa akiwa na taarifa za ndani. Mwaka 2007 mahakama ikamwachia huru. Hakuna aliyefungwa.

Sasa sikieni sehemu ambayo haisimuliwi sana. Februari ile ya 1997, wakati hisa za mradi wa Busang zinagawanywa, Serikali ya Indonesia ilipewa asilimia 10 na kampuni zenye uhusiano na watu wa karibu na Rais Suharto asilimia 30. Watu waligombana, wakapatanishwa, wakasaini. Wizara nzima ilihangaika kugawana vizuri kitu ambacho hakikuwepo, na katika kuhangaika kote huko sijasoma popote kuwa kuna afisa aliyekwenda na mfuko wake, akachota sampuli yake, akaipeleka maabara yake.

Sisi tangu mwaka 2017 sheria inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni inayochimba kwa leseni ya kati au kubwa, bila kulipia. Ni jambo jema, na nililishangilia. Lakini maana yake ni kwamba Serikali nayo ni mnunuzi. Kila tangazo la "rasilimali" linapotoka, nanyi mnauziwa, na mnunuzi mwenye akili hakubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia hata kama ni wa bure, kwa sababu gharama za barabara, umeme, fidia na matumaini ya wananchi mtazibeba nyinyi.

Baada ya Busang, Kanada ilitunga kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2001: kila taarifa ya kitaalamu lazima iwe chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano, anayeandika jina lake na kuwajibika. Australia tayari ilikuwa na mwongozo wake wa kutangaza matokeo, unaoitwa JORC, tangu 1989. Kanuni hizo ni nzuri na zimesafisha mengi. Ila zimetungwa kumlinda mwenye hisa wa Toronto na wa Perth. Hazikumfikiria mkulima wa Msalala ambaye shimo limechorongwa kwenye shamba lake la pamba, wala mwalimu wa Nyamagana anayechangishwa.

Huyo mwalimu nimuelezee. Anaingizwa kwenye kundi la simu. Mtu ana leseni ya uchimbaji mdogo, halali kabisa, imetoka kwenu, na picha yake imewekwa juu ya kundi. Kuna cheti cha maabara, halali pia, kinachosema gramu 38 kwa tani. Kuna video ya karasha, mashine ya kusaga mawe, na mtu anaosha unga kwenye karai mpaka mkia wa njano unaonekana. Mchango ni laki tano kwa "sehemu", faida kila mwezi. Bei ya dhahabu imemsaidia muuzaji: Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000, na hakuna anayetaka kuonekana amechelewa. Cheti kile nimekishika mkononi, kwa sababu mwalimu mmoja ni jirani yangu na aliniletea akitaka nimhakikishie. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya Kiingereza, maabara imeandika kuwa majibu yanahusu sampuli iliyopokelewa tu. Sampuli ilikuwa moja. Jiwe moja, limechaguliwa kwa mkono, limeletwa na mwenye leseni mwenyewe. Nilimwambia jirani kwamba mimi nikitaka, kesho nitamletea cheti cha gramu 300 kutoka eneo lake hilo hilo, na maabara haitakuwa imekosea. Alikuwa ameshalipa.

CMSA wanajua kuliko mimi kuwa ukiuzia umma hisa unahitaji idhini yao na waraka wa matarajio, yaani maelezo ya kampuni kwa wanunuzi. Lakini makundi haya hayaiti kitu hicho hisa. Yanaita sehemu, mchango, ubia, duara la pamoja. Afisa Madini Mkazi akiulizwa anasema leseni ni halali, na ni kweli. Mtu wa masoko ya mitaji akiulizwa anasema hilo ni suala la madini. Jirani yangu alizunguka ofisi mbili, kila moja ikamwelekeza kwa mwenzake kwa upole mkubwa.

Na msidhani kubahatisha ni kwa wenye pesa tu. Watu wa Nyamongo, jirani na mgodi wa North Mara, walishatupa neno, tegesha. Mtambo ukionekana umesimama kijijini, wiki mbili baadaye kuna nyumba za mabati zisizo na mlango na miche iliyopandwa hatua kwa hatua, kwa ajili ya fidia. Tunawalaumu sana, na mimi nimewalaumu. Lakini mtu huyo anafanya kile kile anachofanya mwenye hisa wa Vancouver, kwa taarifa chache zaidi. Ameona mtambo, hajaambiwa kitu, amekisia. Angeambiwa kuwa mashimo tisa kati ya kumi yametoka kapa, asingeuza ng'ombe wake kununua mabati.

Sasa maombi yangu.

Kwa Tume: kampuni inapotangaza matokeo ya ardhi ya Tanzania kwenye soko lolote la nje, siku hiyo hiyo tangazo liletwe kwenu na muhtasari wa Kiswahili ubandikwe ofisi ya kijiji na ya Afisa Madini Mkazi. Muhtasari uonyeshe mashimo yote, yenye dhahabu na yaliyotoka kapa, na ueleze mita ngapi ni unene halisi wa mshipa. Ukurasa mmoja unatosha. Pawe na jina na sahihi ya mtaalamu aliyesajiliwa, anayeweza kuitwa Dodoma akajibu.

Kwa GST: sheria tayari inawataka wenye leseni kuwakabidhi takwimu za kijiolojia. Naomba msiishie kwenye takwimu. Nusu ya koa isisagwe wala kutupwa bila ruhusa yenu, na muwe na haki ya kuingia bandani bila taarifa, kuchagua sanduku mnalotaka nyinyi, kupasua robo na kuichoma kwenye maabara yenu. Hamhitaji kufanya hivyo kila mahali. Ikijulikana kuwa mnaweza kuja, inatosha kuwanyima usingizi wachache wanaostahili kukosa usingizi. Wizara imeahidi kuwa utafiti wa kina wa jiofizikia utoke asilimia 16 ya eneo la nchi hadi asilimia 50 ifikapo 2030. Ndege hizo zitazaa ramani nyingi za rangi, na kila rangi itapata muuzaji. Andaeni wakaguzi wa koa sambamba na ndege.

Kwa CMSA na Tume kwa pamoja: kaeni meza moja. Leseni ya uchimbaji mdogo iandikwe mbele, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba si uthibitisho wa kuwepo kwa dhahabu na hairuhusu kuchangisha umma. Maabara ziagizwe kuandika kwenye cheti, kwa Kiswahili, nani alichukua sampuli: mteja mwenyewe au maabara. Mistari miwili hiyo haitaigharimu Serikali zaidi ya wino, na ingemwokolea jirani yangu laki tano.

Kwako Mheshimiwa Waziri nina ombi moja. Ukialikwa kutembelea kambi ya utafiti, usikubali kuonyeshwa masanduku yaliyopangwa mezani. Ingia bandani, taja namba ya shimo na kina, uombe lishushwe sanduku lile. Kama ni kambi ya watu safi, vijana wa sampuli watalipata ndani ya dakika chache, na watafurahi kuliko utakavyoamini kwamba kuna mtu ameuliza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sampuli,
Geita